NyaChavula na Ugonjwa Ambao Mungu Hakuuondoa

Jumapili aliyoanguka kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, na Tafwachi alikuwa amesimama mbele ya kwaya ya akina mama, mkono juu, akisubiri sauti ya tatu iingie. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Pale kijijini Chanyungu waliomwita Tafwachi walikuwa mumewe na kaka yake tu. Wengine wote walimwita NyaChavula, yaani binti wa akina Chavula, kama tunavyowaita wanawake wetu wa Kitumbuka, na jina hilo lilikuwa na uzito. Msiba ukitokea, NyaChavula ndiye aliyepanga nani apike, nani achote maji, nani akae na mfiwa. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na sauti nene, na alipokasirika hata wazee wa kanisa walitafuta pa kutazama. Mchungaji Harawa aliwahi kutania kwamba siku NyaChavula akikohoa, kanisa zima litaugua kifua.

Sauti ya tatu iliingia. Yeye hakuisikia. Alichokumbuka baadaye ni harufu ya kitu kama shaba iliyopata moto, na mkono wake wa kushoto ukijivuta wenyewe, kana kwamba kuna mtu anauita.

Alipofumbua macho alikuwa chini kwenye saruji. Ulimi ulikuwa umechanika na sketi yake nyeusi ya sare imelowa. Akageuza kichwa. Mabenchi matatu ya mbele yalikuwa matupu. Waumini walikuwa wamejibana ukutani, wengine wameziba pua kwa vitambaa. Gidiyoni, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni akimbana binti yao Towera kifuani, kama mtu anayemzuia mtoto asikaribie shimo.

"Ameamka," mtu mmoja alisema.

Hakuna aliyemwendea. Aliinuka mwenyewe, akashika ukingo wa benchi, akajifunga kitenge juu ya sketi iliyolowa, akatembea hadi mlangoni. Watu walimpisha kwa upana ambao ungetosha kupitisha ng'ombe wawili.

Kwetu watu wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba kifafa kinaambukiza kwa povu. Likikugusa mkononi, likikurukia mguuni, nawe umekwisha. Kwa hiyo mtu akianguka, anaachwa. Akianguka njiani anaachwa njiani. Akianguka mtoni, watu wanasimama ukingoni wanalia. Tafwachi mwenyewe alikuwa ameyaamini haya tangu utoto, na siku zile za kwanza alipomwona Towera akisita kumkaribia, hakumlaumu.

Walikwenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana mpole. Alimpa vidonge vyeupe, akamwambia avimeze kila siku, asikose hata mara moja, na asikae karibu na moto wala maji peke yake. Miezi miwili ikapita na akaanguka mara moja tu. Angeendelea hivyo, labda hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mama mkwe wake alikuwa amesikia habari za mtu mmoja upande wa mpakani aliyejiita nabii, na wakampeleka huko kwa gari la kubeba tumbaku.

Nabii alimtazama kwa muda, mikono nyuma. "Unameza dawa?"

"Nameza."

"Mama, wewe si mtoto mdogo. Huwezi kumshika Bwana kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika kopo la vidonge. Yeye anatazama anasema, huyu ameshapata daktari wake, mimi ananiitia nini?"

Watu waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wakacheka. Tafwachi alikuwa mtu wa imani, na maneno yale yalimchoma. Alivimwaga vidonge pale pale kwenye vumbi. Akafunga siku saba, akinywa maji tu, akiomba kwa sauti hadi sauti ikakauka. Aliomba kama alivyoomba maisha yake yote, kwa uhakika, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani anayemfahamu. Siku ya saba nabii akamwekea mikono kichwani, akatangaza kwamba amefunguliwa.

Siku ya tisa alianguka mara tatu kati ya asubuhi na saa sita.

Wiki mbili baadaye alikuwa jikoni, anakoroga sima ya mchana, wifi yake Eliza yuko uani anapepeta mahindi. Harufu ya shaba ikaja. Alijua. Alijaribu kurudi nyuma, lakini mkono ulikuwa umeshavutwa.

Alichosimuliwa ni hiki. Eliza alisikia kishindo na ile sauti ya mtu anayekamatwa na kifafa. Akakimbilia mlangoni, akamwona Tafwachi amelala ubavu juu ya mafiga, sufuria imepinduka, kitenge kinawaka. Povu lilikuwa limemjaa hadi shingoni. Eliza alipiga kelele. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Kisha akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akalinasa kwenye mkanda wa nguo ya Tafwachi, akamvuta kama mtu anavyovuta tawi la miiba. Jembe liliteleza mara mbili. Mara ya pili likamkwaruza mgongo hadi nyama.

Alikaa hospitali ya wilaya miezi mitatu. Mkono wa kushoto uliganda kwenye kiwiko, vidole vikajikunja, na upande mmoja wa shingo ukawa ngozi iliyovutika. Eliza alikuja kumtazama mara moja, akasimama miguuni mwa kitanda na kikapu cha viazi vitamu.

"Wifi," Tafwachi alimwambia, "ulinitoa."

"Nilikutoa."

"Kwa jembe."

Eliza alitazama viazi. "Nina watoto watano, wifi. Lile povu lilikuwa limekujaa. Ungetaka nifanye nini?" Akaanza kulia. "Nakuota kila siku. Naota nakushika kwa mikono. Nikiamka nakuta nimeshika blanketi."

Tafwachi alikuwa hai kwa sababu ya mwanamke huyu, na kuna sehemu yake ndani iliyokufa kwa sababu ya mwanamke huyu, na hakujua aanzie wapi kumshukuru au kumchukia. Alisema tu, "Viazi uviweke hapo."

Aliporudi nyumbani alikuta kikao kimeshakaa. Kwetu wanasema mgonjwa wa kifafa akishaungua, dawa haimwingii tena. Mama mkwe ndiye aliyelisema hilo.

"Kabla ya moto tungehangaika. Sasa moto umeshamgonga mhuri. Arudi kwao akapumzike. Akipona atakuja."

"Na Towera?" Tafwachi aliuliza.

Jibu lilikuwa linajulikana. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa zamani. Mtoto ni wa akina Msowoya, ukoo wa Gidiyoni. Gidiyoni alimsindikiza hadi njia panda akiwa amebeba sanduku lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga mwenye sauti ya upole, na upole ule ulimuuma Tafwachi kuliko matusi.

"Ni kwa muda tu, mama Towera."

"Gidiyoni, nitazame usoni uniambie ni kwa muda."

Alilitua sanduku chini taratibu, kama lina mayai, akageuka akaondoka.

Kaka yake Hezroni alimpokea, akampa kibanda kilichokuwa cha kuhifadhia karanga. Mke wa Hezroni alimtengea sahani yake na kikombe chake, na kikombe akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio watoto wasije wakakosea. Vidonge alivianza tena, lakini mwili ulikuwa kama umekasirika. Kifafa kilimrudia kila baada ya siku tatu au nne. Mwezi wa pili wa kukaa pale akaja NyaGondwe, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke ambaye Tafwachi ndiye aliyemfundisha kuimba. Alikaa kwenye ncha ya kigoda.

"Mama, tumezungumza. Kwanza upumzike na kwaya. Halafu kuna ile sare." Akalainisha sketi yake magotini. "Unajua sare si nguo ya kuchafuka mbele za watu."

Tafwachi aliingia ndani, akaikunja blauzi nyeupe ya sare kwa mkono mmoja, kwa meno na kidevu, akamletea. NyaGondwe aliipokea kwa kuishika pembeni.

Mchungaji Harawa naye alikuja. Alikuwa mzee mwembamba, na siku ile hakuwa na utani. Alimsomea habari za Paulo na mwiba wake, jinsi alivyoomba uondolewe na haukuondolewa, akaambiwa neema inatosha, na kwamba mtu anapokuwa dhaifu ndipo nguvu ya Mungu inapopata mahali pa kukaa.

Tafwachi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mchungaji, Paulo alipigwa, alifungwa, meli ilimzamia. Nakubali. Lakini Paulo hakuwahi kutolewa motoni kwa jembe na wifi yake."

Mzee alifunga Biblia, akaaga.

Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine ukaanza. Towera aliletwa mara mbili kumwona. Mara ya pili alimwamkia kwa kupiga magoti akiwa mbali, mlangoni, kama anavyoamkiwa mgeni. Habari zikaja kwamba Gidiyoni amepeleka posa kwingine. Tafwachi hakuacha kuomba, ila maombi yalikuwa yamebadilika. Zamani aliomba apone. Sasa aliomba tu ajibiwe, hata kwa kukataliwa. Alikaa kwenye kibanda cha karanga anatazama ukuta wa udongo na kusema, "Upo?" Akasubiri. "Upo?" Nje watoto wa kaka yake walikuwa wanacheza wakiigiza mtu anayeanguka, wakicheka, hadi mama yao alipowafokea.

Ndipo akaanza kwenda mtoni.

Kuna jiwe moja pana juu ya mto, mahali maji yanapozunguka na kuwa na kina. Kujiua ni dhambi, alilijua hilo. Alikuwa amewafundisha hivyo wasichana wa darasa la ubatizo. Lakini kuanguka si dhambi. Kifafa kikimkuta amekaa juu ya jiwe lile, mambo yangekwisha bila yeye kunyoosha mkono. Siku ya kwanza alikaa tangu asubuhi hadi jua likapinda. Akamwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida, bila machozi, "Ulinipa sauti, ukainyamazisha. Ulinipa mtoto, ukaacha wamchukue. Sasa nimekaa hapa. Ukitaka, nisukume." Hakikuja. Siku ya pili hakikuja. Kitu kilichokuwa kinamtupa chini nyumbani, kanisani, njiani, kilimkataa pale alipokitaka. Alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyelima.

Siku ya tatu alisikia hatua nyuma yake. Aliyekuja alikuwa mwanamke mwembamba, miguu imejaa vumbi hadi magotini, kichwani amebeba kapu dogo la majani ya maboga.

"Samahani, mama. Wewe ndiye NyaChavula, yule wa kifafa?"

Watu walikuwa wakisema hivyo nyuma ya mgongo wake tu. Tafwachi aligeuka amtazame vizuri. "Ndiye."

"Mimi ni NyaNgwira, natoka Kapando. Kwa kaka yako wameniambia uko huku. Nimetembea tangu alfajiri."

"Kama umefuata maombi, umepotea njia. Yangu hayafiki."

"Sikufuata maombi. Nina swali." Alitua kapu, akakaa kwenye jiwe, mikono mapajani. "Nina mtoto wa kiume. Lumbani. Ana miaka kumi na miwili, inampata tangu ana sita. Hajui kunieleza, maneno yamekuwa mazito kwake. Ikimkamata, macho yanapinduka, meno yanasagika, na anatoa ile sauti. Nataka kujua." Akameza mate. "Anaumia?"



"Wameniambia ni shetani anampiga," mwanamke aliendelea haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Wanasema ile sauti ni yeye ananiita nimsaidie. Miaka sita nimesimama nasikia mwanangu ananiita, na naogopa kumshika. Nimeuliza mchungaji, hajui. Nimeuliza zahanati, wamenipa vidonge. Wewe umetoka huko. Niambie."

"Haumii," alisema Tafwachi.

Mwanamke alimkazia macho.

"Mwanzo kuna harufu. Kwangu ni ya shaba, kwake sijui. Kuna hofu, lakini ndogo, kama ya mtu aliyekanyaga mahali akidhani kuna ngazi. Halafu hakuna kitu. Dada yangu, huko hakuna mtu. Hakuna shetani wala anayempiga. Hata giza halipo. Ile sauti ni pumzi inasukumwa kutoka kifuani, yeye mwenyewe haijui. Maumivu yanakuja baadaye, ulimi, misuli, kichwa. Na aibu. Aibu ndiyo mbaya, ukifumbua macho ukaona watu wote wamesimama mbali."

"Kwa hiyo hajawahi kuniita."

"Hajawahi."

NyaNgwira aliinama polepole hadi paji la uso likagusa jiwe, akalia kwa kwikwi ndefu za mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu hadi akasahau kwamba ni mzigo. Tafwachi alimwekea mkono mgongoni, ule mzima. Yule mwanamke hakushtuka wala hakujivuta. Walikaa hivyo. Kisha Tafwachi akatazama maji chini yao, akaona kwamba kifafa kikija sasa hivi, atamwangukia huyu mama na kwenda naye.

"Inuka," akasema. "Tutoke hapa. Si mahali pazuri pa kukaa."

Njiani kuelekea Kapando hakuwa na furaha yoyote, msidhani. Alikuwa na hasira. Alikuwa ameelewa jambo fulani na hakulipenda. Yule NyaChavula mwenye nguvu, wa sauti nene na sare iliyopigwa pasi, angemwambia nini mwanamke huyu? Angempangia zamu ya maombi. Angempa wimbo. Asingeweza kumjibu swali lake, na wala mwanamke huyu asingethubutu kumwendea. Mlango aliokuwa akiugonga miaka yote ulikuwa umefunguka kwa upande ambao hakuutazamia, tena kupitia mahali pabovu kuliko pote pa maisha yake. "Kama hii ndiyo kazi," alimwambia Mungu moyoni, "ungeniuliza kwanza."

Walimkuta Lumbani amefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo ya zizi la mbuzi. Kamba ilikuwa na urefu wa kumfikisha kivulini, na si zaidi ya hapo. Alikuwa na makovu ya moto kwenye paja, makubwa kuliko ya Tafwachi.

"Namfunga nikienda shambani," mama yake alisema, hakuinua macho. "Asiende kwenye maji."

"Ninajua kwa nini unamfunga. Mfungue, tumekuja wawili."

Hata saa moja haikupita, kifafa kikamkamata. Majirani walikuwa wamekusanyika kumtazama mgeni mwenye shingo ya ajabu, na wote wakarudi nyuma hadi kwenye ua. Tafwachi alipiga magoti. Alimgeuza ubavu kwa mkono mmoja, akamwekea kichwa kwenye paja lake, akasubiri. Povu lilitiririka juu ya kitenge chake na juu ya mkono wake uliokunjamana.

"Njoo," alimwambia NyaNgwira. "Mshike mkono. Usimbane. Mshike tu."

NyaNgwira alikuja. Alimshika mwanawe mkono, kwa mara ya kwanza katika miaka sita akiwa katika hali ile, na kijana alipofumbua macho alikuta nyuso mbili juu yake, karibu kabisa.

Mmoja wa majirani alisema kutoka kwenye ua, "Huyo ana ugonjwa wake tayari, anaogopa nini?"

"Ndiyo maana nimekuja mimi," Tafwachi alijibu, "si wewe."

Walikwenda zahanati pamoja, yeye na NyaNgwira na Lumbani, mwendo wa saa nne, wakapata vidonge, na Tafwachi alimwapisha NyaNgwira kwamba hatavimwaga kwa ajili ya nabii yeyote. Mwezi uliofuata wakaja akina mama wengine wawili. Halafu watano. Walikuwa wanatoka vijiji ambavyo Tafwachi hakuvijua, wanakuja kwa njia za nyuma, mtoto amefunikwa. Hezroni alilalamika kwamba nyumba yake imegeuka zahanati, kisha siku moja bila kusema kitu akajenga kibanda cha nyasi pembeni ya shamba na kuweka magogo ya kukalia, nao wakawa wanakutana hapo kila Jumamosi. Watu wakawabatiza jina: kwaya ya wanaoanguka. Walipopita sokoni, vijana waliwaimbia kwa kejeli.

Mchungaji Harawa alikuja Jumamosi moja, akakaa kwenye gogo la nyuma kama muumini. Walipomaliza, alibaki.

"Mchungaji," Tafwachi alimwuliza, "yule Paulo aliomba mara ngapi?"

"Mara tatu, kwa ilivyoandikwa."

"Mimi nimeomba miaka mitatu. Nilikuwa mzito wa kusikia."

Mzee hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa, akaishika. "NyaChavula, nina neno la kukuambia, na nimelichelewesha. Siku ile uliyoanguka kanisani nilikuwa nimeshika kikombe cha Bwana. Ningeweza kukiweka mezani nikakujia. Nilisimama nacho hadi ukainuka mwenyewe. Nimehubiri udhaifu miaka thelathini na mbili, na wangu niliuona siku ile."

"Niliona kila mtu," Tafwachi alisema. "Wewe sikukuona."

"Nilikuwepo."

"Basi Jumamosi ijayo uje na sabuni. Hawa watoto wanachafuka."

Akaja na sabuni. Akaendelea kuja.

Natamani niseme kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimepumzika kidogo, Lumbani alikwenda kuwatazama watu waliokuwa wakifyatua matofali. Alikuwa na karibu miezi minane hajafungwa kamba, na vidonge vilikuwa vimemtuliza hadi ameanza kuunganisha maneno matatu, manne. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Shimo la udongo lilikuwa na maji yasiyofika magotini. Walimkuta amelala kifudifudi.

Hakuna aliyekubali kumwosha. Wanawake wa Kapando walikaa nje na kulia kwa heshima zote, lakini ndani ya nyumba waliingia wawili tu. NyaNgwira alishika beseni. Tafwachi aliosha udongo kwenye masikio ya mtoto, kwenye kope, katikati ya vidole vya miguu. Hawakusemezana. Katikati ya kazi, mkono wa Tafwachi ulianza kuvutwa, akasema, "Nishike," na NyaNgwira akaacha beseni akamshika, akamlaza kando ya mwanawe, akamgeuza ubavu, akasubiri. Alipoamka, wakamalizia.

Baada ya mazishi Tafwachi hakutoka ndani kwa siku sita. Jumamosi ilipofika, akina mama walikaa kwenye magogo, wakamsubiri, wakaondoka. Hasira yake kwa Mungu ilirudi yote, na ilikuja na nyongeza. Yeye ndiye aliyesema, mfungue. Mtoto angekuwa bado yuko kwenye nguzo ya mbuzi, mchafu, hana maneno, lakini yuko hai. "Nilikuambia uniulize kwanza," alisema kwa ukuta. "Ona sasa. Hata hii kazi nimeiharibu." Hakuwa na nguvu ya kupiga magoti, akaomba akiwa amelala, na ombi lenyewe lilikuwa neno moja tu, sina. Sina imani, sina mkono, sina mtoto, sina jibu. Alilirudia hadi likapoteza maana.

Jumatatu NyaNgwira alisimama mlangoni. Alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, na mkononi karatasi iliyokunjwa.

"Vimebaki vidonge arobaini na kimoja," alisema. "Nimevihesabu."

"Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema umfungue."

"Ulisema." NyaNgwira alikaa chini pale mlangoni, akanyoosha miguu. "Nimelifikiria. Nimelifikiria vibaya sana, nisikufiche. Nimekuchukia tangu Jumatano hadi jana." Akapumua. "Jana nikakumbuka siku moja alivyoniambia, mama, nataka kula viazi. Maneno manne. Mtoto wa kwenye kamba asingenitajia viazi. Nilikuwa na mwanangu miezi minane. Kabla ya hapo nilikuwa na kitu nakiogopa."

Tafwachi alilia, na NyaNgwira akamwacha alie bila kumbembeleza. Kisha akasema, "Kuna msichana kule juu, kwa akina Jere. Wanamficha chumba cha nyuma. Vidonge hivi visiharibike. Tumpeleke kwa tabibu amwone, kama ni vya kumfaa avitumie yeye."

"Mimi sina la kuwaambia watu, NyaNgwira. Nimekwisha."

"Hata mimi sina. Twende hivyo hivyo."

Walikwenda. Njia ilikuwa ya kupanda, matope yananata, na walipumzika mara nyingi. Kwa akina Jere walimkuta bibi mmoja ameketi barazani anamenya karanga. Aliwaona wakiingia uani, mmoja na kitambaa cha msiba, mwingine na shingo iliyoungua, na akaacha kumenya.

"Karibuni. Mmepotea?"

"Hatujapotea, bibi. Tumesikia kuna mgonjwa."

"Hapa hakuna mgonjwa," bibi alisema mara moja. Nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa waya.

NyaNgwira alimtazama mwenzake. Tafwachi alitafuta mahali pakavu kwenye udongo, akakaa, akauweka mkono wake uliokunjamana mapajani, mahali unapoonekana.

"Basi tupe maji ya kunywa, bibi," alisema. "Tumetoka mbali. Mimi naitwa NyaChavula. Nina kifafa."